Samora Machel

Samora Moisés Machel (29 Septemba 1933 – 19 Oktoba 1986) alikuwa mpigania uhuru, kamanda wa jeshi la Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na rais wa kwanza wa nchi hiyo. Aliongoza vita ya ukombozi dhidi ya Ureno hadi uhuru wa 25 Juni 1975, akatawala kwa miaka 11, kisha akafa katika ajali ya ndege ambayo chanzo chake kinabishaniwa mpaka leo. Wakazi wa Dar es Salaam wanamjua kwa barabara ya katikati ya mji yenye jina lake.

Alizaliwa Chilembene, mkoani Gaza, katika bonde la mto Limpopo. Katika ukoo wake walikuwemo waliopigana na Wareno chini ya Gungunhana, mfalme wa Gaza aliyekamatwa mwaka 1895 na kupelekwa kufia uhamishoni Azores. Baba yake alikuwa mkulima aliyejiweza kiasi, lakini kujiweza kwa Mwafrika chini ya Wareno kulikuwa na mipaka: pamba ililimwa kwa amri na kununuliwa kwa bei ya chini kuliko ile ya mzungu, na katika miaka ya 1950 ardhi nzuri ya bonde hilo iligawiwa walowezi waliotoka Ureno.

Baada ya shule ya misheni ya Kikatoliki, Samora alisomea uuguzi katika hospitali ya Miguel Bombarda, Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Wodini aliona muuguzi mweusi akilipwa pungufu ya mzungu kwa kazi ile ile. Uuguzi haukumtoka hata alipokuwa rais. Mwaka 1976 alikwenda Hospitali Kuu ya Maputo akahutubia kwa kirefu juu ya namna ya kuigeuza iwe hospitali ya wananchi.

Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya Eduardo Mondlane. Mwaka uliofuata Samora alitoroka nchini mwake kuifuata. Alipofika Botswana alikuta ndege iliyokodiwa kuwapeleka Dar es Salaam vijana wa ANC ya Afrika Kusini, nayo ilikuwa imejaa. J. B. Marks, mmoja wa wazee wa ANC, alivutiwa naye, akamteremsha kijana wake mmoja ili Mmsumbiji huyo apate kiti.

Hakukaa sana Dar es Salaam. Alipelekwa Algeria kwa mafunzo ya kijeshi, akarudi kusimamia kambi ya Kongwa, kisha ile ya Nachingwea. Kote kuwili Waingereza walikuwa wamejaribu mradi mkubwa wa karanga baada ya vita vya pili vya dunia na kushindwa vibaya, wakaacha majengo na mashamba matupu. Nachingwea ndipo Samora alipotengeneza jeshi lake. Wamakonde wa kaskazini na watu wa kusini kama yeye walikula sufuria moja, wakaongea Kireno kwa kukosa lugha nyingine ya pamoja, wakalima chakula chao na kufundishana kusoma. Kuanzia 1967 hata wasichana walipewa bunduki, jambo ambalo wazee wengi hawakulipenda.

Vita yenyewe ilianza 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. Samora alishika uongozi wa jeshi baada ya mkuu wa ulinzi, Filipe Samuel Magaia, kuuawa mwaka 1966. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane naye aliuawa jijini Dar es Salaam kwa kifurushi cha bomu. Uongozi ukakabidhiwa watu watatu: Uria Simango, aliyekuwa makamu, Marcelino dos Santos, na Samora. Utatu huo haukudumu. Simango aliwashambulia wenzake hadharani kwa waraka, akafukuzwa, na Mei 1970 Samora akawa rais wa Frelimo.

Mwaka huo huo Jenerali Kaúlza de Arriaga alileta maelfu ya askari, ndege na mizinga ili aimalize Frelimo kaskazini. Wapiganaji hawakusimama kupambana naye ana kwa ana. Walizidi kupenya mkoa wa Tete. Vita ikiendelea, Josina, mke wa Samora waliyeoana naye Tunduru mwaka 1969, alifariki kwa maradhi Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971. Msumbiji huadhimisha siku hiyo kama siku ya wanawake.

Maofisa wa jeshi la Ureno walipoipindua serikali ya Lisbon tarehe 25 Aprili 1974, watawala wapya walitaka kwanza silaha ziwekwe chini, kisha wananchi wapige kura ya maoni. Samora alikataa yote mawili: hakuna kusitisha vita kabla uhuru haujakubaliwa. Msimamo huo ulishinda katika makubaliano ya Lusaka ya 7 Septemba 1974, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kazi yake bora kabisa ya siasa. Mei 1975 alivuka Ruvuma na kuizunguka nchi kwa mikutano hadi Maputo.

Tatizo ni kwamba aliichukua Nachingwea akataka kuifanya nchi nzima. Jeshi la watu waliojitolea linatii amri. Nchi ya mamilioni ina mambo mengine. Kabla tu ya uhuru, Simango na wenzake walisimamishwa kambini Nachingwea mbele ya umati wakiri usaliti, kisha wakapelekwa kaskazini na kuuawa bila mahakama. Maelfu walipelekwa kambi za kurekebishwa tabia. Mwaka 1983 viboko, adhabu iliyochukiwa mno enzi za Wareno, vilirudishwa kisheria, na mwaka huo huo watu wasio na kazi mijini walisombwa kwa nguvu kwenda Niassa. Upande wa pili wa mizani kuna elimu na tiba zilizofanywa mali ya umma mwezi mmoja tu baada ya uhuru, kampeni ya chanjo iliyozunguka nchi nzima, na madarasa ya watu wazima katika nchi ambayo zaidi ya tisa katika kila kumi hawakujua kusoma.

Machi 1976 alifunga mpaka na Rhodesia kuwaunga mkono wapigania uhuru wa Zimbabwe, akiipotezea bandari ya Beira mapato makubwa. Rhodesia ilijibu kwa kuanzisha kundi la waasi la Renamo, na kuanzia 1980 Afrika Kusini ikairithi. Shule, zahanati na reli zilichomwa. Tarehe 16 Machi 1984 Samora alitia saini mkataba wa Nkomati na P. W. Botha wa Afrika Kusini: ANC isishambulie kutokea Msumbiji, Pretoria iiache Renamo. Samora alitimiza, Pretoria haikutimiza.

Usiku wa 19 Oktoba 1986, akitoka kwenye mkutano wa Mbala, Zambia, ndege yake aina ya Tupolev iliyorushwa na Warusi iligeuka kulia kabla ya wakati na kugonga kilima karibu na Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini. Zaidi ya watu 30 walikufa pamoja naye, wakiwemo waziri wa uchukuzi Alcântara Santos na mwanazuoni Aquino de Bragança. Tume ya Jaji Margo ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani. Warusi walidai mtambo bandia wa redio uliwapotosha. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini nayo ilishindwa kuhitimisha.

Joaquim Chissano alirithi urais, na vita na Renamo viliisha kwa mkataba wa Roma wa 4 Oktoba 1992. Mjane wa Samora, Graça, aliyekuwa waziri wa elimu baada ya uhuru, aliolewa na Nelson Mandela mwaka 1998.