Uwanja wa Ellis: Soko la Savannah Lililopisha Magari

James Oglethorpe alipoupima mji wa Savannah mwaka 1733, katika koloni changa la Georgia, aliupanga kwa mitaa inayozunguka viwanja vya wazi. Uwanja wa Ellis ni mmoja wa vile vinne vya mwanzo. Ulianza kwa jina la Decker, kisha ukapewa la gavana Henry Ellis. Miaka ya 1760 soko la mji lilihamia hapo, na ukiacha vipindi vifupi, likadumu karibu karne mbili.

Moto ulilisumbua sana. Ule wa 1796 ulianzia jirani na soko na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Wa Januari 1820 uliunguza majengo zaidi ya 400. Jengo linalokumbukwa zaidi ni la mwaka 1872, la matofali na matao.

Lakini soko ni wauzaji, na hapa wauzaji waliojulikana kuliko wote walikuwa wanawake weusi. Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani wengi wao walikuwa watumwa. Baadhi waliuza kwa niaba ya mabwana zao, wengine waliuza mazao ya bustani walizolima kwa muda wao mdogo. Halmashauri iliwadai beji za kulipia, na wazungu walilalamika kwamba wachuuzi hao wananunua vitu vyote mapema na kupandisha bei. Mji ukalalamika, na mji ukaendelea kula kutoka mikononi mwao.

Pembeni mwa uwanja huohuo waliuzwa watu. Dalali Joseph Bryan alikuwa na soko lake la watumwa hapo, katika jengo la Montmollin. Katika vita hivyo, jeshi la Kaskazini, lililopinga utumwa, chini ya Jenerali Sherman liliingia Savannah Desemba 1864. Januari iliyofuata watu weusi wakafungua shule ndani ya jengo hilo, wakawaketisha watoto kusoma mahali walipokuwa wakinadiwa wazazi. Kwa maoni yangu hakuna tukio jingine katika historia ya uwanja huu lenye uzito kama hilo, ingawa watalii wengi hupita bila kulisikia.

Karne ya 20 ilileta magari na maduka makubwa ya vyakula, na wateja wa soko wakapungua. Wafanyabiashara wa katikati ya mji walitaka mahali pa kuegesha. Mwaka 1954 halmashauri ililibomoa jengo la 1872 na kuukodisha uwanja kwa miaka 50, likajengwa ghorofa la maegesho. Miaka 50! Mtu aliyeutia saini mkataba huo hakutegemea kuuona mwisho wake.

Hasara hiyo iliwaamsha wenyeji. Mwaka uliofuata wanawake saba, akiwemo mwandishi wa habari Anna Colquitt Hunter, walianzisha Historic Savannah Foundation na kuinunua nyumba ya Davenport, ya mwaka 1820, ambayo nayo ilikuwa karibu kuvunjwa ili kupisha maegesho. Baadaye taasisi hiyo iliokoa mamia ya majengo. Ndiyo maana wazee wa mji husema kwamba soko lilikufa ili mji upone, japo nadhani lingeweza kupona pamoja nao.

Mkataba ulipokwisha, ghorofa likabomolewa, magari yakapelekwa chini ya ardhi katika maegesho yenye nafasi zaidi ya 1,000, na juu yake ukatengenezwa uwanja uliofunguliwa rasmi mwaka 2010. Pana chemchemi ambamo watoto hurukaruka, na sanamu ya Johnny Mercer, mtunzi wa nyimbo aliyezaliwa mjini humo mwaka 1909. Mtaa wa maghala ya zamani yaliyokarabatiwa miaka ya 1980, pembeni mwa uwanja, unaitwa City Market, lakini ni migahawa na maduka ya sanaa. Anayetaka mboga mbichi kutoka kwa mkulima huenda Bustani ya Forsyth, kusini mwa hapo, siku za Jumamosi.