Kompyuta inatambuaje kwamba dozi ya dawa imezidi?

Mwezi Julai 2013, kijana wa miaka 16 aliyelazwa katika hospitali moja ya San Francisco, Marekani, alipewa vidonge 38 na nusu vya dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Septrin. Alipaswa kumeza kimoja. Alipata degedege, lakini alipona.

Kosa lilitokeaje?

Daktari alikusudia miligramu 160. Kumbe kompyuta ilikuwa inahesabu miligramu kwa kila kilo ya uzito, na kijana alikuwa na kilo zaidi ya 38. Onyo lilitokea mbele ya daktari, kisha mbele ya mfamasia. Wote wawili walilipita, kwani mfumo huo ulitoa maonyo mengi mno kila siku. Muuguzi alishangaa kuona vidonge vyote hivyo, lakini mashine ya kukagua dawa ilimwonyesha kwamba ndivyo ilivyoagizwa.

Modeli ya takwimu inafanya nini?

Maonyo ya kawaida hufuata kanuni zilizopangwa tangu mwanzo. Modeli ya takwimu ni programu inayojifunza kutokana na kumbukumbu za wagonjwa wengi waliotangulia: umri, uzito, ugonjwa, hali ya figo na dozi waliyopewa. Mgonjwa mpya akiandikiwa dawa, humlinganisha na waliofanana naye. Dozi ikiwa mbali sana na za wenzake, humwambia daktari aitazame upya. Lengo ni maonyo machache, ili yakitokea yasipuuzwe.

Ni kama mwenye duka anayejua kila nyumba hununua sukari kiasi gani. Ukiomba gunia zima, atakuuliza kwanza. Huenda umekosea, au huenda una harusi. Hata Septrin hutolewa kwa dozi kubwa kutibu aina fulani ya nimonia kwa watu wanaoishi na VVU. Kwa hiyo programu huuliza tu. Anayeamua ni mtaalamu.

Udhaifu wake ni upi?

Uzito ukiandikwa vibaya, hesabu nayo itapotoka. Na kama kosa fulani limezoeleka katika kumbukumbu za zamani, programu italiona kuwa jambo la kawaida.

Wewe ufanye nini?

Hata kama kituo chako cha afya hakina kompyuta, kanuni ni ileile:

- Hakikisha mtoto anapimwa uzito kabla ya kuandikiwa dawa. Paracetamol, kwa mfano, huhesabiwa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 asizidishiwe miligramu 150 kwa mara moja.
- Taja dawa nyingine unazotumia, na useme kama una ugonjwa wa figo au ini.
- Ukiona vidonge ni vingi kuliko ulivyozoea, uliza kabla ya kumeza: "Ni vingapi kwa mara moja, na mbona ni vingi hivi?"

Kuuliza si kumdharau daktari wala muuguzi. Kule San Francisco, swali moja lililosisitizwa lingetosha kulizuia kosa lile.