Kitabu Chini ya Gunia la Mpunga

Likizo ya Juni kwetu Kyela ni msimu wa mpunga. Mwaka 1994 sie wanafunzi watatu wa sekondari tulikubaliana: kila mmoja aje na kitabu akipendacho, kizunguke. Mmoja alileta Kusadikika cha Shaaban Robert, mwingine Juliasi Kaizari aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Mie nilileta Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, nikakificha chini ya gunia.

Kwa nini nifiche? Kitabu hicho kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, eti kinasema mno mambo ya mapenzi. Baadaye kiliruhusiwa, lakini wazee wengi walibaki na lile katazo la kwanza.

Bibi ndiye aliyekifuma. Yeye shule hakusoma; ni mtu wa kisomo. Serikali ilipotangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alikwenda darasani na mtoto mgongoni. Nchini, wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Katika waliopungua, Bibi yumo.

Hakunigombeza. Alikisoma siku tisa, akifuata mistari kwa kidole. Kisa cha Rosa, binti aliyelelewa kwa ukali wa baba hata asiijue dunia, ni cha Ukerewe. Lakini ziwa ni ziwa. Akanirudishia.

"Mjukuu wangu, mpe na baba yako."

Baba alikuwa keshasema dada yangu asirudi shule. Nikampa. Alikisoma kimya. Kama ni kitabu, kama ni Bibi, sijui. Ila Julai tulipanda basi wawili.