Uboreshaji wa mfumo wa mafuta katika gari la turbo

Uboreshaji wa mfumo wa mafuta katika gari la turbo ni kazi ya kuongeza uwezo wa pampu, mabomba, kidhibiti cha presha na nozeli, ili injini ya petroli inayosukumiwa hewa na turbo ipate mafuta yanayolingana na hewa hiyo. Hufanyika hasa kwenye magari ya mashindano, pale presha ya turbo inapoongezwa kupita kiwango cha kiwandani. Hewa ikiongezwa bila mafuta kuongezwa, joto ndani ya silinda hupanda na pistoni zinaweza kutoboka katika sekunde chache za mwendo wa kasi.

Kwa nini mafuta huongezwa

Petroli huungua kikamilifu ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini ya turbo inapofanya kazi kwa nguvu zote hupewa mafuta zaidi ya hapo, kwa kawaida kilo 1 kwa kila kilo 11 hadi 12 za hewa. Mafuta ya ziada hupoza chumba cha mwako na kuzuia petroli isilipuke kabla ya wakati wake.

Mlipuko huo wa mapema husikika kama mlio wa kugonga. Kila mgongo hupiga kichwa cha pistoni na kuongeza joto, na joto hilo huleta mgongo mwingine. Matokeo yake ni gasketi ya silinda kupasuka, pistoni kuvunjika kingo au kuyeyuka. Dereva anaweza asisikie chochote kwa sababu ya kelele za eksozi. Tena, injini inayokaribia kuharibika kwa uhaba wa mafuta mara nyingi huonekana kuwa na nguvu nzuri hadi dakika ya mwisho.

Sehemu za mfumo

Pampu. Magari mengi yana pampu ya umeme ndani ya tanki. Ujazo unaotolewa na pampu hupungua kadiri presha inavyopanda, hivyo namba iliyoandikwa kwenye boksi haina maana bila kujua ilipimwa kwa presha gani. Hupungua pia umeme unapokuwa hafifu. Pampu kubwa ikiunganishwa kwa waya mwembamba wa zamani haitafikia uwezo wake, kwa hiyo huwekewa waya mnene kutoka kwenye betri, fyuzi na rilei.

Filta na mabomba. Filta iliyoziba huigeuza pampu kubwa kuwa ndogo. Mpira unaotumbukizwa ndani ya tanki lazima uwe wa aina iliyotengenezwa kukaa ndani ya petroli, kwa kuwa mpira wa kawaida hulainika, hupasuka na kuziba nozeli kwa vipande vyake.

Kidhibiti cha presha. Katika magari mengi mafuta hufika kwenye nozeli kwa presha ya takriban bar 3. Turbo ikisukuma hewa kwa bar 1, hewa hiyo huzuia mafuta kutoka. Kidhibiti chenye mpira mdogo uliounganishwa na manifodi ya hewa hupandisha presha ya mafuta hadi bar 4, ili tofauti ibaki bar 3 ileile.

Nozeli. Hizi ndizo hunyunyiza mafuta kwenye hewa. Hupimwa kwa sentimita za ujazo kwa dakika. Nozeli haipaswi kukaa wazi zaidi ya asilimia 80 hadi 85 ya muda wake, ili ibaki akiba.

Kompyuta ya injini. Ndiyo huamua kila nozeli ifunguke kwa muda gani. Nozeli kubwa zikifungwa bila kurekebisha kompyuta, gari litamwaga mafuta mengi, litatoa moshi mweusi na plagi zitalowa.

Baadhi ya mafundi hujaribu kukwepa gharama ya nozeli kwa kupandisha presha ya mafuta peke yake. Faida yake ni ndogo, kwa sababu mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Kutoka bar 3 hadi bar 4 presha huongezeka kwa theluthi moja, lakini mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 15 tu, na pampu hulazimika kufanya kazi ngumu zaidi.

Mfano wa hesabu

Chukulia injini ya silinda nne inayokusudiwa kutoa nguvu-farasi 300. Injini ya turbo hutumia takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu-farasi kwa saa.

300 × 0.27 = kilo 81 kwa saa. Kwa kuwa lita moja ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74, hizo ni lita 110 kwa saa.

Zikigawanywa kwa nozeli nne, kila moja hutoa lita 27.5 kwa saa, yaani sentimita za ujazo 458 kwa dakika. Ili nozeli isizidi asilimia 80, 458 hugawanywa kwa 0.8. Jibu ni takriban 570. Nozeli za 550 zingekuwa ndogo kidogo; za 600 au 650 zingetosha.

Pampu nayo lazima itoe zaidi ya lita 110 kwa saa kwa presha ya bar 4, umeme ukiwa ule unaofika kwenye pampu yenyewe, si ule unaopimwa kwenye betri.

Athari ya mwinuko: mfano wa mkoa wa Mara

Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Musoma uko ufukweni mwake. Bunda na Butiama ziko juu zaidi kidogo. Katika mwinuko huo kanieneo ya angahewa ni karibu bar 0.88, wakati Dar es Salaam ni karibu bar 1.01. Injini isiyo na turbo hupoteza hapo takriban asilimia 13 ya hewa yake.

Injini ya turbo hupoteza pungufu ya hapo, kutegemea jinsi turbo inavyodhibitiwa. Turbo iliyowekwa kusukuma bar 1 juu ya angahewa itaipa injini jumla ya bar 1.88 Musoma, na bar 2.01 Dar es Salaam. Tofauti ni takriban asilimia 7 ya hewa. Kwa hiyo gari lililopimwa na kurekebishwa Musoma, nozeli zake zikiwa tayari zimefika asilimia 95, litahitaji zaidi ya asilimia 100 likishushwa pwani. Hilo haliwezekani. Kompyuta inaweza kutambua kwamba hewa imeongezeka, lakini nozeli hazina tena nafasi ya kufunguka zaidi, na injini hubaki na uhaba wa mafuta. Akiba ya asilimia 15 hadi 20 huwekwa kwa sababu kama hiyo.

Kinyume chake, turbo inayodhibitiwa kwa kanieneo ya jumla italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ikiwa Mara ili kufikia kiwango kilekile. Hewa hutoka ikiwa ya moto zaidi, na hatari ya kugonga huongezeka.

Ubora wa petroli

Namba ya oktani huonyesha uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka mapema. Magari mengi ya turbo yanayoingizwa Tanzania yakiwa yametumika, kama Subaru Forester na Impreza, yaliundwa kwa ajili ya petroli bora ya Japani, ambayo kiwango cha nchi hiyo kinaitaka iwe na oktani isiyopungua 96. Petroli ya oktani ya chini hudai presha ndogo ya turbo, au cheche ya plagi iliyocheleweshwa.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni hatari zaidi, kwa kuwa oktani ya mafuta ya taa ni ndogo sana. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA ili kutambua mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli inayouzwa kwa chupa au madumu kando ya barabara inaweza pia kuwa na maji na vumbi, ambavyo huharibu pampu na nozeli. Hakuna nozeli kubwa inayoweza kufidia petroli mbovu.

Katika mashindano ya Afrika Mashariki

Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Enzi ya turbo ilijionyesha mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo. Toyota Celica GT-Four ilishinda mwaka 1990 na kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995, ukiwemo ushindi wa Mkenya Ian Duncan mwaka 1994. Mitsubishi Lancer Evolution ya Tommi Mäkinen ilifuata mwaka 1996, na Subaru Impreza ya Colin McRae mwaka 1997. Magari hayo matatu ya mwisho yalikuwa na injini za turbo za silinda nne zenye ujazo wa lita 2.

Katika mashindano huongezeka tatizo jingine: kwenye kona kali mafuta hukimbilia upande mmoja wa tanki na pampu hunyonya hewa. Nukta moja ya kukosa mafuta chini ya presha ya turbo inatosha kuleta madhara. Dawa yake ni kuweka vizuizi ndani ya tanki, au tanki dogo la akiba linalojazwa na pampu ya kwanza huku pampu ya pili ikivuta kutoka humo.

Utaratibu na usalama

Kazi huanza kwa kupima, si kwa kununua. Fundi hupima presha ya mafuta gari likiwa na mzigo, umeme unaofika kwenye pampu, na uwiano wa hewa na mafuta kwa sensa ya oksijeni ya upeo mpana. Kisha hubadilisha pampu na waya wake, filta, mabomba na kidhibiti, ndipo nozeli, na mwisho kurekebisha kompyuta. Presha ya turbo huongezwa baada ya hayo yote, kidogo kidogo, ikifuatiwa na kipimo kila hatua.

Kabla ya kufungua bomba, presha iliyobaki hutolewa na waya wa betri huondolewa. Kazi hufanyika mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea, kizimamoto kikiwa karibu. Baada ya kufunga, pampu huwashwa bila kuwasha injini na kila kiungo hukaguliwa. Tone moja la petroli likidondokea eksozi ya turbo, ambayo inaweza kuwa nyekundu kwa joto, huanzisha moto.

Tazama pia

Injini ya mwako wa ndani
Petroli
Safari Rally
Mkoa wa Mara