Kinga ya chuma katika Maniema

Mtu akitaja historia ya Maniema, watu wanafikiri kwanza Tippu Tip na Kasongo, kisha reli, kisha migodi ya Kalima. Kinga haimo katika hesabu hiyo. Tunasema kinga kama vile kila mtu wa Kindu anavyosema. Wenzetu wa Tanzania wanaita baiskeli. Na hata hivyo kuko miaka karibu sita ambamo mji huu uliishi kwa ndege chache na kwa kinga. Tunaona ni vizuri kuandika habari hiyo sasa, wakati wengi wa wale waliosukuma wangali hai, na kueleza pia kwa nini kinga ile ilikuwa ya chuma na si ya kitu kingine.

Tangu mwaka 1911 treni zilikuwa zinatembea kati ya Kongolo na Kindu, na kutoka hapa mizigo iliendelea kwa mashua hadi Ubundu. Lakini treni haiingii kijijini. Chumvi, sabuni na vitambaa vilipotoka stesheni vilihitaji kichwa cha mtu ao kinga. Wakati wa Wabeleji, kinga iliyosifiwa sana ilikuwa Raleigh ya Nottingham, Uingereza, kampuni iliyojitangaza duniani kwa kusema kwamba kinga yake ni ya chuma kitupu. Baada ya uhuru zikaja za China, Phoenix na Forever za Shanghai, na Hero ya India. Majina yalibadilika, umbo halikubadilika: kadre nzito ya mabomba ya chuma, magurudumu makubwa ya inchi 28, breki za vyuma virefu badala ya kamba. Kinga moja ina uzito wa kilo 20 hivi. Mzungu wa mashindano angecheka.

Vita ilianza Agosti 1998, na mnamo Oktoba mwaka ule Kindu ikaanguka mikononi mwa RCD. Treni ikasimama. Mashua nazo zikasimama. Ilibidi kungoja mwaka 2004 ili treni ionekane tena stesheni. Katikati ya miaka hiyo, chumvi ilikuwa kitu cha thamani, na mchele na mawese vya vijijini vilifika sokoni mgongoni mwa watu ao juu ya kinga. Vijana, hata walimu wenzetu waliokosa mshahara, walishika njia ya Kalima, ya Kibombo, ya Kasongo. Hawakupanda, walisukuma. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akitembea pembeni, nyingine ilisimama nyuma ya kiti ili apate fasi ya kusukumia. Magunia yalining'inia pande zote mbili, mengine juu. Kilo mia moja ilikuwa jambo la kawaida. Na njiani kulikuwa na vizuizi, leo askari hawa, kesho wale, na kila kizuizi kilikuwa na bei yake. Wengine hawakurudi.

Sisi tunaofundisha historia tunawaeleza wanafunzi vita ya Dien Bien Phu ya 1954, namna Wavietnamu walivyopitisha chakula na risasi milimani kwa maelfu ya baiskeli, nyingi zikiwa Peugeot za Wafaransa wenyewe, na fimbo ya mwanzi kwenye usukani. Mwanafunzi anaandika katika daftari, anashangaa. Hajui kwamba baba yake alifanya hivyo hivyo kati ya Kasongo na Kindu.

Sasa, kwa nini chuma? Jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini wana chukudu, ambayo ni ya mbao. Chukudu ni chombo cha akili nyingi, na Goma waliisimamishia sanamu katikati ya mji. Lakini chukudu inapenda mteremko: inashuka milima ya Masisi na mizigo yake, kisha mwenyewe anaisukuma kupanda. Kwetu hakuna mteremko wa namna hiyo. Kuko mchanga, matope, miti iliyoanguka na mito ya kuvuka kwa mtumbwi. Gurudumu dogo la mbao lingezama pale. Gurudumu kubwa na jembamba la kinga linapita hata katika kijia cha mguu mmoja.

Aluminiamu je? Kwa ujazo uleule, uzito wake ni kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma, na hiyo njo sifa yake. Lakini chuma kina tabia mbili ambazo aluminiamu haina. Ya kwanza: mzigo usipopita kiasi fulani, chuma kinaweza kutikiswa mara mamilioni bila kuchoka; aluminiamu, hata mitikiso midogo inajumlishwa, mpaka siku moja inapasuka. Ya pili, na kwetu njo kubwa zaidi: chuma kinakubali moto wa fundi. Kadre ikivunjika Kalima, fundi wa kusuda ataiunganisha, kwa umeme kama uko, kwa gesi kama iko, ao kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa kwenye kiungo. Ikipinda, itanyooshwa. Aluminiamu inataka mashine yenye gesi ya argoni, na baada ya kuunganishwa inabaki dhaifu karibu na kovu, isipopashwa tena katika tanuru maalumu. Tanuru hilo liko wapi katika Maniema? Na kaboni ya wakimbiaji wa Ulaya, tusiitaje sana: jiwe likiigonga inaweza kupasuka ndani bila mtu kuona.

Hatusemi chuma hakina kasoro. Mvua za hapa zinakila. Kutu inaanza ndani, chini kwenye pedali, fasi maji yanakolala, na mwenye kinga haoni mpaka kadre inakatika. Tena, chuma si kimoja. Siku hizi kuko kinga mpya zenye mabomba membamba, rangi nzuri, bei ndogo, ambazo hazifikishi mwaka chini ya gunia la mchele.

Pikipiki za India na China zimechukua abiria mjini, na hatulii kwa hilo. Mgonjwa anafika hospitali upesi. Lakini petroli inapokosekana, pikipiki inalala, na mama wa Alunguli mwenye mawese yake anatafuta tena mtu wa kinga. Wazazi wanatuuliza: “Mwalimu, nimununulie mutoto kinga gani?” Wameona sokoni ile ya aluminiamu yenye gia nyingi, na karibu yake Phoenix ya zamani iliyokwisha kusudwa mara mbili. Tunawaambia wapige bomba kwa kidole wasikilize, wachungulie viungo, wapindue kinga waone kama maji yanatoka chini ya pedali. Kisha waulize fundi wa karibu na nyumbani kwao kama ataweza kuitengeneza. Mafundi wa kusuda kwa shaba wamebaki wachache mjini, nao wamezeeka, na vijana wanaojifunza kwao wanatafuta zaidi kazi ya milango ya chuma.