Ndege ya Mbao Iliyokataa Kustaafu

Juzi nilimweleza rafiki yangu mmoja kwamba ziko ndege za watu wanne zinazoundwa kwa mbao, naye akanitazama kama mtu aliyepatwa na homa. "Mbao hizi hizi za kitanda?" akaniuliza. Simlaumu. Sisi tumekua tukiamini kwamba mbao ni hatua ya kwanza tu, na kwamba mtu akipata uwezo huiacha akahamia kwenye chuma. Hata East African Airways, ilipoanza kazi mwaka 1946, ilianza na ndege za Kiingereza aina ya Dragon Rapide, ambazo kiunzi chake kilikuwa cha mbao kilichovikwa kitambaa. Baadaye zikaja za bati, na zile za mbao zikasahauliwa.

Leo nataka kuzungumzia ndege ya Kifaransa ambayo haikukubali kusahauliwa.

Mwaka huo huo wa 1946, katika mji wa Beaune, Ufaransa, unaosifika kwa mvinyo, mzee Édouard Joly na mkwewe Jean Délémontez walifungua karakana. Jina la kampuni walilipata kwa kuunganisha herufi za mwanzo za majina yao: Jodel. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, fedha hazikuwapo, lakini mbao na mafundi wa mbao walikuwapo. Januari 1948 wakarusha kindege cha mtu mmoja, D.9, walichokiita Bébé, yaani mtoto mchanga. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi 25 tu. Ramani zake ziliuzwa kwa watu wa kawaida, na wengi wakajiundia ndege hiyo wenyewe.

Siri ilikuwa kwenye bawa, na hapa naomba univumilie kidogo. Sehemu ya kati ya bawa la Jodel imelala sawasawa na ina upana ule ule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mbavu zake zote zinalingana. Fundi anatengeneza kielelezo kimoja anakirudia. Kisha ncha mbili zimekunjwa kuelekea juu, na zimesokotwa kidogo. Ndege inapopunguza mwendo kupita kiasi, bawa huacha kubeba kuanzia katikati, ilhali ncha bado zinashika hewa, na rubani anabaki na uwezo wa kuisawazisha. Ndani yake unapita mhimili mmoja kutoka ncha hadi ncha, nao ni sanduku refu lenye uwazi: mbao imara juu na chini, plaiwudi ubavuni, gundi katikati. Hakuna tundu la ribiti hata moja. Ukiutazama mchoro wake unaona kazi ya mtu aliyeijua mbao, si ya mtu aliyeitumia kwa sababu alikosa bati.

Serikali ya Ufaransa ilitaka vijana wajifunze urubani, ikaagiza ndege hizo kwa ajili ya klabu. Zikaja za watu wawili, nazo zikatengenezwa kwa mamia. Lakini mtu akishajua kurusha ndege hutaka kumchukua mke na watoto, na ndege ya viti viwili haitoshi.

Hapo ndipo anapoingia Pierre Robin. Mwaka 1957 alianzisha kiwanda Darois, karibu na Dijon, akashirikiana na Délémontez. Ndege yao DR100, jina linalotokana na Délémontez na Robin, iliruka tarehe 14 Julai 1958, sikukuu ya taifa la Ufaransa. Ilikuwa ya watu watatu. Ndugu yake Ambassadeur aliweza kubanana na kuchukua wanne kama wawili ni watoto. Mwaka 1965 ikaja DR250, yenye nafasi ya kweli kwa watu wazima wanne. Miaka miwili baadaye gurudumu la nyuma likahamishiwa mbele, puani, jambo lililowapunguzia wanafunzi taabu nyingi, kwani ndege ya gurudumu la mkia hukufichia njia na kupenda kugeuka yenyewe chini.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nichague habari hii. Robin mwenyewe hakuwa na ndoa na mbao. Kufikia mwaka 1971 kiwanda chake kilikuwa kimekwisha kurusha ndege za bati, HR100 na HR200, zilizobuniwa na mhandisi Christophe Heintz. Mtu angedhani hadithi ya mbao imefika mwisho. Lakini mwaka 1972 kikatoa DR400, bawa lile lile la Jodel, kiunzi kile kile cha mbao, ila sasa na kioo kikubwa kinachoteleza kwenda mbele ili abiria waingie bila kujikunja. Wateja wakaichagua hiyo. Ndege za bati za Robin zilikuja zikaenda. Ya mbao ikabaki.

Kwa nini? Hesabu. DR400 yenye injini ya nguvu farasi 180 ina uzito mtupu wa karibu kilo 600 na inaruhusiwa kuruka ikiwa na kilo 1,100. Inaweza kubeba karibu uzito wake wenyewe. Ziko ndege za viti vinne ambazo ukijaza watu wanne wenye miili yao itabidi upunguze mafuta. Kwa klabu ambamo mwalimu, fundi na daktari wanachangia ndege moja, hilo si jambo dogo.

Sitaki kuficha ubaya wake. Mbao huogopa maji. Ndege hii hailali nje mvuani, inataka banda, na gundi iliyoachia ndani haionekani kwa macho ya haraka. Biashara nayo ina misukosuko yake: mwaka 2008 kampuni iliyokuwa ikizitengeneza ilifilisika, na wenye ndege wakajiuliza vipuri vitatoka wapi. Baada ya muda karakana ikafunguliwa tena, pale pale Darois, na maseremala wakarudi kwenye meza zao kuunganisha mihimili kwa gundi.