Mali Chini ya Jembe: Hadithi Mbili za Watoto wa Ugogo

Keti na watu wa miaka hamsini na kitu kwenye kibaraza chochote cha Nkuhungu, jijini Dodoma, kisha uanze kusimulia habari za baba aliyerejea nyumbani mahututi kutoka safarini. Hutafika mbali, maana watakupokonya maneno mdomoni. Mmoja ataendeleza ubeti, wa pili atamsahihisha, wa tatu atatikisa kichwa kufuata mizani. Na huenda hawakusoma shule moja: mmoja alisomea Kondoa, mwingine Manyoni, mwingine Mpwapwa. Walichoshiriki ni kitabu cha Kiswahili cha shule ya msingi na shairi lililokuwamo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Baba yu kufani. Wanawe wanamzunguka wakitaka neno la kuwafaa baada yake. Anawaambia kwamba utajiri umo shambani, anakata roho. Watoto wanabishana juu ya maana ya maneno hayo, wanashika majembe, wanafukua shamba zima na hawaoni kitu. Kwa kuwa udongo umekwisha kutifuliwa, basi wanapanda. Mavuno yanapoingia ndipo wanapoelewa marehemu alisema nini.

Makala haya yanafuata njia aliyopita baba huyo hadi akafika Ugogo, na yanamweka kando ya hadithi nyingine, ambayo watoto wa hapa hawakuisoma kitabuni.

Mzabibu uliopotea njiani

Baba huyu hakuzaliwa Tanzania. Yumo katika ngano zinazohesabiwa kuwa za Esopo, za Uyunani ya kale, na huko alikuwa mkulima wa zabibu. Wanawe walilichimba shamba la mizabibu wakitafuta hazina, na mizabibu iliyopaliliwa vizuri ikazaa kuliko kawaida. Mwaka 1668 Jean de La Fontaine alimtia katika ushairi wa Kifaransa. Mizabibu ikaondoka, likabaki shamba tu, lakini likaongezeka jambo jingine: baba wa Kifaransa huanza kwa kuwaonya wanawe wasiuze urithi walioachiwa na wazee wao. Alipofika kwetu na kuanza kusema Kiswahili hakuwa na mizabibu wala, kama ninavyolikumbuka shairi letu, onyo hilo la kutouza.

Kichekesho ni kwamba Dodoma ndiyo nchi ya zabibu ya Tanzania. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, na leo inalimwa pia Makutupora na Hombolo, tena huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ngano iliacha mizabibu yake njiani, ikaja kukaririwa na watoto waliokuwa wakiiona dirishani.

Hadithi nyingi zilizotulea zimetembea hivyo. Askofu Edward Steere alipochapisha masimulizi ya Unguja mwaka 1870, yalikuwamo ya Punda wa Dobi, ndani yake kima anamlaghai papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, juu ya mti. Kisa hicho ni cha Kihindi, tena cha kale sana. Kiliingia pwani kwa majahazi, kikapanda bara kwa miguu, kisha kwa gari moshi baada ya reli ya kati kufika Dodoma mwaka 1910. Mimi niliposimuliwa sikuwa nimewahi kuiona bahari. Maji mengi niliyoyajua ni Bwawa la Hombolo, kwa hiyo papa wangu aliishi humo, na hadi leo nikisikia neno "papa" naona kwanza ukingo wa bwawa na ng'ombe wanakunywa.

Kisha vikaja vitabu. Mwaka 1929 *Kisiwa chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani* vilitoka kwa Kiswahili kwa kalamu ya Frederick Johnson, na vizazi kadhaa vya wasomaji wa shule vikadhani ni vya Kiswahili tangu mwanzo. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa *Adili na Nduguze*. Alikichukua kisa cha Alfu Lela Ulela cha ndugu wawili waliogeuzwa mbwa kwa husuda yao, akawafanya manyani na kuwapa majina ya Hasidi na Mwivu. Atakayekisoma utotoni atasahau majina ya miji. Adili akishika mjeledi usiku na kuwachapa nduguze huku moyo unamuuma, hilo hatalisahau.

Kitabu kimoja, midomo mitano

Kwa nini mambo hayo yaligandama? Sehemu ya jibu ni uhaba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule, na kufikia 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulikuwa umejaza madarasa kuliko vitabu. Dawati letu lilikuwa na kitabu kimoja. Wawili walikaa mbele yake, wawili ubavuni, na wa tano akasimama upande wa pili wa dawati. Huyo wa tano alijifunza kusoma herufi zikiwa kichwa chini miguu juu, na ninawajua watu wazima ambao bado wanaweza.

Kitabu kisichotosha macho hutumikia masikio. Mwalimu alisoma mstari, darasa likauitikia kwa sauti moja, tena na tena, hadi beti zikahama kutoka kwenye karatasi zikaingia katika pumzi. Vina na mizani vilifanya kazi ya kufuli: neno likipotea, kina kilikuambia lilikuwa la namna gani. Ndiyo maana wazee wa kibarazani hukumbuka ubeti mzima wa shairi, na huenda hawakumbuki hata sentensi moja ya somo la siasa.

Aliyeielewa nguvu hiyo kuliko wengi alikuwa mtu wa hapa hapa Ugogo. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, akawa mwalimu, karani, liwali, kisha hakimu, na muda wote huo akatunga. Alipotaka mawazo ya Azimio la Arusha yafike vijijini alitumia ngonjera, ushairi wa kujibizana unaosimama jukwaani kwa miguu ya watoto. Alifariki mwaka 1969. *Ngonjera za UKUTA* zilitoka mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi hakukuwa na sherehe ya shule isiyokuwa na wanafunzi wawili wanabishana kwa vina mbele ya mgeni rasmi.

Wasiokuwa na kitabu kabisa walikuwa na redio. Kipindi cha *Mama na Mwana* cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilikusanya watoto wa mtaa mzima kwa mwenye redio, na sauti ya Deborah Mwenda ikawa bibi wa watu wasiojuana.

Hadithi isiyokuwa kitabuni

Jioni, baada ya ugali wa uwele na mlenda, mtoto yule yule alirudi kwa bibi yake wa damu. Huko walikuwapo Sungura na Fisi kama kote nchini, na marufuku ile ile ya kusimulia hadithi mchana. Lakini katika nyumba za Ugogo ilikuwapo habari nyingine, isiyoanza kwa "Hadithi, hadithi!" wala kungoja kiitikio. Nayo ni Mtunya.

Mtunya ni njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya Ugogo na majeshi mawili. Wajerumani walichukua nafaka, mifugo na wapagazi. Waingereza waliowafuata mwaka 1916 wakataka vile vile. Maghala yalipokuwa matupu, mvua nayo ikagoma, na baadaye homa ya mafua iliyozunguka dunia ikawakuta watu hawana nguvu. Wanahistoria wanakadiria kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 hivi. Mnyampala alizaliwa mwaka njaa hiyo ilipoanza, na mwaka 1954 akachapisha *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*, watu wa hapa wakajisoma katika kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mwenzao.

Sasa tuziweke hadithi hizo mbili pamoja. Shairi la shuleni lilisema: chimba, utavuna. Bibi alisema: tulichimba, na hatukuvuna. Katika ngano ya Esopo mvua haitajwi, wala haina haja ya kutajwa, kwa sababu jembe linatosha. Ugogo una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mkulima anaweza kupanda mara mbili, mara tatu, mbegu ikaungua ardhini. Tena shairi halina askari anayekuja ghalani.

Mtoto hakuulizwa ni ipi ya kweli. Alilala nazo zote mbili, zikabishana ndani yake kama ngonjera ya Mnyampala, na nadhani ubishi huo ndio uliozihifadhi. Funzo lisilopingwa na kitu chochote nyumbani hujibiwa kwenye mtihani likaisha. Hili lilipingwa kila mwaka mvua ilipochelewa. Ndiyo sababu mkulima wa hapa huweza kusema kwa pumzi moja kwamba kazi ndiyo mali, na kwamba usile mbegu wala usiuze mtama wote.

Shamba linapokuwa kiwanja

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu. Kwa miongo kadhaa uamuzi ulitembea polepole, halafu ukakimbia: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Nkuhungu imejaa nyumba za tofali, fremu za maduka na watu wa kila kabila. Palipokuwa na mtama pana vigingi vya zege vyenye namba.

Hapa shairi limepata msomaji wa tatu. Mtoto wa zamani sasa ndiye mzee mwenye shamba, na wanawe wanamzunguka wakitaka neno la kuwafaa. Akiwaambia kwamba mali imo shambani hawatabishana juu ya maana kama wale wa kwenye shairi. Watamwita dalali. Watakosea? Wapo waliosomesha watoto kwa bei ya kiwanja, na wapo waliokula bei yote kwa msimu mmoja, sasa wanapangisha chumba ng'ambo ya barabara, wakitazama ukuta wa mtu mwingine ukipanda.

Ukipita Nkuhungu asubuhi utakuta vijana wamezama hadi kifuani wakichimba msingi, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Wanachimba kwa bidii ambayo baba yule angeifurahia, ila udongo huu hautapandwa kitu. Kila nionapo shimo la namna hiyo hulikumbuka lile onyo lililobaki Ufaransa, nikatamani lingefika hapa pamoja na beti nyingine, lishike pumzini mwetu tukiwa darasa la nne, kabla hatujajua bei ya ardhi.